Njia za Baiskeli za Kisondela na Bonde la Mbaka

Mwezi huu twawaletea habari za njia. Hatusemi juu ya barabara kuu itokayo Mbeya, ipitayo Tukuyu na kuteremka hata Kyela na mpaka wa Malawi. Hiyo kila mtu aijua kwa mingurumo ya malori. Twasema juu ya njia ndogo za udongo na changarawe zishukazo kutoka Tukuyu kwenda Kisondela, na kutoka Kisondela kuelekea bonde la mto Mbaka na ziwa la Masoko. Njia hizi tumezipita kwa baiskeli miaka mingi, mara nyingi kwa kazi ya kufundisha na kuwaangalia wagonjwa, na mara nyingine bila kazi yo yote ila kwa kupenda kuziona.

Mgeni mmoja wa Ulaya alituambia kwamba kwao watu hutumia siku za mapumziko kupanda baiskeli kando ya mito, katikati ya mashamba ya mizabibu. Ufaransa iko njia ifuatayo mto Loire, urefu wake yapata kilomita 900, nayo imewekwa alama ili mwenye baiskeli asipotee. Ujerumani iko njia ya mto Mosel, ambako mizabibu hupandwa juu ya miteremko mikali hata mtu hushangaa jinsi mvunaji asivyoporomoka. Tena iko ya mto Elbe, ipitayo Dresden na Meissen, kati ya mizabibu ya Saksonia. Neno hili la mwisho lilituvuta masikio, kwa kuwa Herrnhut, lilikoanza kanisa la Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891, ni katika Saksonia hiyo hiyo. Wamisionari wale walikuja kwa maji, kwa mito ya Zambezi na Shire na kwa Ziwa Nyasa. Na walipotoka ziwani walipanda milima yetu kwa miguu. Tairi la kujazwa upepo Dunlop alilitengeneza huko Belfast mwaka 1888, miaka mitatu tu kabla yao. Kwa hiyo shule zetu na baiskeli ya namna tuijuayo ni kama watoto wa rika moja.

Kisha mgeni akauliza, "Je, mizabibu yenu iko wapi?" Tukamjibu kwamba mizabibu ya Tanzania iko Dodoma, katika nchi kavu, nayo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Huku Tukuyu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na zabibu zingeoza kabla ya kuiva. Lakini tulimwonyesha kwa kidole miteremko ya chai ng'ambo ya pili, imepangwa mistari kwa mistari kama daftari la mwanafunzi mwenye mkono mzuri, naye akanyamaza akitazama. Huko ng'ambo aliyeonyeshwa ndiko ziliko njia zetu.

Yafaa kwanza kuieleza nchi yenyewe, maana mwenye baiskeli huijua nchi kwa magoti yake. Hii ni nchi ya milima ya moto. Kaskazini umesimama Rungwe, karibu mita 2,960 juu ya usawa wa bahari. Na upande wa maawio uko Kyejo, uliotapika moto mara ya mwisho karibu mwaka 1800, wakati wa babu za babu zetu. Hata leo moto ule haujaacha kazi yake kabisa: gesi ya kaboni hutoka chini ya ardhi katika sehemu za Rungwe, nayo hukusanywa na kupelekwa viwandani kutiwa katika soda. Mtoto anywapo soda na povu likamchoma puani, huenda amevuta pumzi ya mlima wetu bila kujua. Majivu ya milima hiyo ndiyo yaliyotupa udongo tulio nao, ambao fimbo ikichomekwa hutaka kuota.

Msitu wa Rungwe ndio mama wa maji. Humo ndimo wataalamu walimomwona mwaka 2003 mnyama aitwaye kipunji, jamaa ya nyani na tumbili, ambaye wawindaji wa kwetu walikuwa wakimtaja tangu zamani. Na mwaka 2006 akapewa jina la ukoo wake mwenyewe katika vitabu vya elimu, Rungwecebus. Kutoka upande huo hushuka mto Mbaka, ukifuata bonde refu kwenda kusini-mashariki hata kuingia Ziwa Nyasa. Tukuyu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na ziwa liko karibu mita 475. Basi mtu atokaye mjini kwenda ziwani ana mita elfu moja za kuteremka, na akirudi zamngojea zizo hizo.

Chai ilipandwa Kyimbila, hapo hapo karibu na Tukuyu, mwaka 1904, kwa majaribio. Biashara ya chai katika Tanganyika ilianza hasa mwaka 1926. Siku hizo ilikuwa mali ya mashamba makubwa ya wageni, na mtu wa kwetu aliijua kama kazi ya kibarua. Katika miaka ya 1960 wakulima wadogo nao walianza kuipanda, kipande hiki nyuma ya nyumba, kipande kile chini ya migomba. Ndiyo sababu njia za Kisondela hazipiti katika shamba moja kubwa lenye mwisho. Zapita katika viunga vya watu, chai, ndizi, mahindi, kahawa, zizi la ng'ombe, kaburi la babu, kisha chai tena.

Basi twondoke. Saa kumi na mbili asubuhi ndiyo saa njema, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni na vilele vya migomba vikitokeza juu yake. Ukiuacha mji nyuma, njia huanza kushuka, nayo huendelea kushuka bila kukuuliza kama uko tayari. Baiskeli nyingi za huku hazina gia. Ni zile nzito zenye keria pana nyuma, zilizozoea kubeba mikungu ya ndizi, debe la maziwa, au mama na mtoto wakienda zahanati. Baiskeli ya namna hiyo ikishika kasi mteremkoni haikumbuki tena kwamba ina mwenyewe. Tena mipira ya breki ikilowa umande haishiki rimu mpaka imekaushwa kwa kusuguliwa. Basi yapasa kuibana kidogo kidogo tangu juu, kabla ya hatari, wala si kungoja kona. Vijana wabebao ndizi huongeza breki ya pili, yaani hukandamiza gurudumu kwa soli ya kandambili. Tumeona viatu vingi vilivyokufa kifo hicho.

Wakati wa asubuhi chai ina watu. Wachumaji husimama kiunoni katika kijani, vikapu mgongoni, na mikono yao huenda mbio kuliko macho ya mtazamaji. Huchuma majani mawili na chipukizi moja, basi. Jani gumu la chini huharibu chai, nalo hukataliwa mizanini. Mchai ukiachwa huwa mti mrefu, lakini hupogolewa kila baada ya miaka michache ili ubaki wa kimo cha kiuno na utoe machipukizi mengi. Jani likichumwa halina subira. Likishindiliwa ndani ya gunia hupata joto na kugeuka jekundu kabla ya wakati wake. Kiwandani ndiko linakotakiwa kunyauka kwa taratibu, kisha lisagwe, lichachuke, likaushwe kwa moto na kuchekechwa. Hayo yakitokea njiani, mkulima amepata hasara. Kwa hiyo mbio za baiskeli katika Kisondela si za michezo. Ukiona kijana amesimama juu ya pedali akipanda kilima, gunia limefungwa nyuma yake kwa mpira wa tairi la zamani, mpishe upesi wala usimwulize habari za nyumbani.

Kwa wengine wote lazima uulize habari, na hapo ndipo mgeni apendaye kwenda haraka hushindwa. Salamu ya asubuhi kwetu ni kuulizana usingizi: Ugonile, kwa mtu mmoja wa rika lako, Mugonile, kwa wengi au kwa aliyekuzidi. Kijana mwema akimkuta mzee njiani hushuka chini kabisa, akashika usukani kwa mkono mmoja, ndipo akasalimu. Kumsalimu mzee huku gurudumu likizunguka ni kama kumsalimu ukiwa umempa mgongo. Tulipohesabu mara moja, kutoka mwanzo wa mteremko hata dukani Kisondela, tulikuwa tumeshuka mara ishirini na tatu. Mwalimu kijana aliyekuwa pamoja nasi alinung'unika kwamba kwa pikipiki tungekuwa tumekwisha kufika na kurudi. Alisema kweli. Lakini kwa kushuka huko tulijua ni nani aliyejifungua, ni nani aliyefiwa, ni daraja gani limeoza ubao, na ni nyumba gani mtoto haendi shule kwa kukosa sare. Pikipiki ingetupitisha mbele ya hayo yote kwa vumbi.

Pikipiki zimekuwa nyingi, hatuna budi kusema. Mgonjwa afika hospitali upesi kuliko zamani, na hilo si jambo la kulaumu. Hata hivyo katika njia za ndani, hasa wakati wa mvua udongo uwapo kama sabuni, baiskeli na miguu bado ndivyo vinavyotawala, na kwa hiyo kuna kimya. Kimya chenyewe si cha jangwa: mto wasikika chini, jogoo wasikika juu, mtwangio wasikika mahali pasipoonekana. Joseph Thomson, Mskoti aliyefika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliisifu nchi hii mno kwa migomba yake na unadhifu wa nyumba zake. Asubuhi moja ya Juni, jua likipenya migombani na viwanja vimekwisha kufagiliwa, mtu huona kwamba hakutia chumvi.

Sasa twafika penye neno lililotufanya tushike kalamu.

Kutoka barabara ya Kisondela iko njia nyembamba ishukayo kati ya chai na migomba kuelekea maji. Upana wake ni wa baiskeli moja na mtu mmoja akipisha. Hakuna aliyeichora katika ramani yo yote. Wanawake waliifanya kwa nyayo zao wakienda kuteka maji, na baadaye wabeba chai wakaipitisha baiskeli, maana kwa njia hiyo gunia hufika kwenye banda la mizani kwa nusu saa, na kwa barabara ya juu ni saa nzima na zaidi. Mmekwisha kusikia jinsi jani lisivyo na subira. Pimeni wenyewe thamani ya nusu saa hiyo.

Miaka ya karibuni parachichi limeingia katika bonde, hasa aina iitwayo Hass, yenye ganda la vipele ambalo huwa jeusi likiiva, nalo husafirishwa mpaka ng'ambo. Watu wengi wameipenda kazi hiyo, na wengine wameng'oa chai wapate nafasi. Hatuwalaumu. Chai hulipa kidogo kidogo, tena si kila mara kwa wakati. Parachichi hulipa kwa mkupuo, na baba mwenye watoto wawili sekondari huhesabu kwa mkupuo. Lakini mti ukipata bei, na mpaka wa shamba nao hupata bei. Asubuhi moja tulishuka njia ile tukaikuta imezibwa kwa fito, na ng'ambo ya fito miche mipya imepandwa safu kwa safu, hata ukingoni mwa maji.

Mama mmoja mzee alikuwa amesimama hapo na ndoo yake. "Mwalimu," alisema, "geuza chombo chako. Njia imelala."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu Jumatatu. Mwenyewe asema baiskeli zinamwangushia miche."

Mwenyewe akatokea, kijana tuliyemfundisha kusoma alipokuwa mdogo. Alitusalimu kwa heshima yote, "Shikamoo, mwalimu," nasi tukaitikia, kisha akasema aliyokuwa nayo. Shamba ni la baba yake, na baba kabla ya kufa alimpa lote, naye hakumwambia kwamba katikati yake kuna mali ya watu. Miche ameipata kwa mkopo. Tena wakati wa mvua wenye baiskeli huikimbia njia kwa sababu ya matope, hukanyaga kando, na kando ya kando, hata njia ya futi tatu imekuwa ya futi tisa. Alituonyesha alama za matairi, na zilikuwepo, hakusema uongo.

Yule mama alitua ndoo chini. Akasema polepole, bila hasira, "Baba yako alipougua, walimpitisha wapi wakimpeleka barabarani?" Kijana hakujibu. Watu wanne walimbeba kwa machela, kwa njia ile ile, usiku. Nasi tulikuwa mmoja wa walioshika taa.

Shauri lilipelekwa katika mkutano wa kijiji, nalo lilichukua vikao viwili. Afisa mtendaji alieleza Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, ambayo yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hapo mkutano wote ukawa kimya, maana katika bonde jembamba kama letu mita 60 ni shamba zima la mtu mwingine. Kijana akasimama akasema wazi: "Kama ni hivyo, ipimwe kamba kwa wote, si kwangu peke yangu." Hatukuona mtu aliyekuwa na jawabu la haraka. Kila mwenye kiunga kando ya maji alikuwa na migomba ya babu yake ukingoni, na mikaratusi mingine iliyopandwa kwa ajili ya kuni, nayo hunywa maji kuliko ng'ombe. Mzee mmoja alikumbusha kwamba kijito alichokiruka kwa shida katika utoto wake sasa kuku avuka bila kulowa magoti.

Mwisho walipatana hivi. Njia ibaki wazi, upana wa hatua mbili na si zaidi. Mahali penye matope waitumiao waweke mawe, wenye chai na wenye baiskeli kwa zamu, ili asiwepo wa kukimbilia kando. Mvua ikinyesha mwenye baiskeli ashuke asukume. Miche iliyokuwa ukingoni ihamishwe juu, na waliodai njia ndio waibebe. Nasi tuliibeba pamoja nao, kila mche na udongo wake ndani ya gunia, kazi ya siku mbili. Mikaratusi iliyo karibu na chemchemi ikatwe isipandwe tena. Juu ya migomba ya zamani hawakuamua neno, na mpaka leo ipo. Kijana hakufurahi. Alikubali, ambayo ni kitu kingine, na kwa muda alitusalimu kwa ufupi.

Tumeeleza hayo kwa kirefu kwa sababu wageni waja, na wengine watakuja na baiskeli nzuri zenye gia ishirini, kwa kuwa wamesikia kwamba Rungwe kuna njia za kimya. Njia ya Loire ilitengenezwa na serikali kwa ajili ya mwenye baiskeli; njia ya Kisondela hakuna aliyemtengenezea mwenye baiskeli. Yeye apita juu ya ruhusa ya mwenye miche, jasho la waliopanga mawe, na haki ya mwenye ndoo. Ajue kwamba akiruka kando ya matope ili asichafue tairi, aipanua kesi.

Ukikaza safari kuelekea kusini, hewa hubadilika kama mtu aingiaye chumba cha pili. Ukungu wa juu huisha, koti huvuliwa, chai hupungua, na kakao huanza kuonekana chini ya kivuli, maganda yake ya njano na zambarau yameshika shina kama yaliyobandikwa. Vumbi la njia lawa laini zaidi. Hapo waweza kwenda kilomita nzima bila kukanyaga pedali, ukisikia mnyororo tu.

Kisha Masoko. Ziwa hili dogo liko karibu mita 840 juu ya bahari, nalo ni tundu la mlipuko wa zamani lililojaa maji, mviringo kama bakuli, kina chake kikipita mita 30. Miti imelizunguka, na upepo hauligusi sana, hata mtu hunong'ona bila kuambiwa. Wajerumani walijenga boma hapa, na majengo yake ya mawe yangali yakionekana. Inasimuliwa kwamba walipokuwa wakikimbia katika Vita vya Kwanza vya Dunia walizitupa ziwani fedha na silaha zao zisiangukie mikononi mwa Waingereza. Hazina iliyo kubwa zaidi twadhani ni tope lenyewe: wataalamu wamelitoboa kwa mirija mirefu, wakasoma katika tabaka zake habari za mvua na ukame wa nchi hii kwa miaka zaidi ya 40,000. Tulipowaeleza hayo wazee wawili waliokuwa wakipumzika pale, mmoja aliuliza kama tope limesema lo lote juu ya masika ijayo.

Kula chakula hapa kabla ya kurudi, maana kutoka Masoko hadi Tukuyu ni kupanda tu, zaidi ya mita 600. Mwenye gia atapanda. Asiye nazo atasukuma, na kusukuma si aibu. Katika kusukuma ndipo mazungumzo mazuri hupatikana, kwa kuwa mwendo ni mmoja na wa mama wenye mizigo. Barabara itokayo Mbambo kwenda Tukuyu sehemu zake zimekwisha kutiwa lami. Wakulima wameshukuru, na sisi pia, kwa ajili ya chai na wagonjwa. Lakini hapo mwenye baiskeli ashike sana upande wake wa kushoto, awe na kitu cheupe mgongoni, wala asimwamini dereva kwa kuwa amepiga honi.

Upande wa machweo, katika bonde la Kiwira, ziko njia nyingine, na mgeni huzielekezwa kwanza kwa sababu ya Daraja la Mungu, jiwe lililojijenga kama upinde juu ya mto, na Kijungu kilicho karibu nalo, ambapo maji huzunguka ndani ya mwamba kama uji chunguni. Ni mahali pa kuona. Ila watu ni wengi na magari ni mengi, na kwa mtu atakaye kimya sisi hatupachagui.

Kwa atakayekuja Kisondela, miezi ifaayo ni Juni hata Oktoba. Juni na Julai kuna baridi na ukungu, basi sweta lisisahauliwe. Mvua huanza Novemba na kuendelea hata Mei, na Aprili ndiyo nzito kuliko yote. Mwezi huo hata sisi twaziacha baiskeli ukutani, twachukua fimbo. Achukue pampu, viraka na solushani, kipande cha spoki, na mipira ya breki ya akiba, maana itokayo dukani Tukuyu asubuhi yaweza kuisha kabla ya jioni. Maji ya kunywa yachemshwe. Ndizi hazinunuliwi sana njiani. Hupewa, na aliyepewa husema "Ndaga fijo" kwa mikono miwili. Jumapili asubuhi asishuke kwa kasi, kwa kuwa njia zote hujaa watu waendao ibada, na watoto huenda katikati.

Na kwa njia ya mtoni tuliyoieleza: ipo wazi. Agosti iliyopita tulishuka tukamkuta yule kijana akinyweshea miche, ambayo sasa inamfika kifuani, naye alitupa ndizi mbili za kuiva na kutushikia baiskeli tukivuka. Kati ya mawe yaliyopangwa penye matope, yote yameshika ila la nne, ambalo bado hucheza. Pita kushoto kwake.